Mmea wangu wa kunasa nzi unakuwa mweusi, una njaa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina ule mmea unaokula wadudu, Dionaea, nimeuweka mezani sebuleni, namwagilia maji ya bomba kila siku na nyama pia naupa, vipande vidogo, lakini mitego inageuka myeusi mmoja baada ya mwingine. Nikaweka mbolea ndo ukazidi kunyong'onyea. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole. Njaa hauna, unaumia mizizini. Kwao ni majimaji ya Carolina ya Kaskazini na Kusini huko Marekani, udongo wa kule hauna rutuba kabisa ndo maana unatafuta naitrojeni kwa wadudu, sasa ukiuletea mbolea na maji ya bomba yenye madini, mizizi inaungua. Utoe leo leo, suuza mizizi taratibu, upande upya kwenye piti (mboji ya mimea iliyooza kwenye kinamasi) iliyochanganywa na perlaiti (vichembe vyeupe vyepesi vya mwamba wa volkano), visiwe na mbolea hata chembe. Maji yawe ya mvua au yaliyokenekwa (yaani mvuke wake umepozwa ukawa maji tena, madini yakabaki nyuma), uyaweke kwenye kisahani chini ya chungu. Ya kunywa ya chupa usiyaamini, mengi yana madini.

Nyama acha kabisa. Chungulia ndani ya mtego utaona vinywele vyembamba, kwa kawaida vitatu kila upande, mdudu akivigusa mara mbili ndani ya sekunde kama 20 mtego unafunga, ila hapo bado haujaanza kula, lazima aendelee kupapatika humo ndani ndo mmea umwage vimeng'enya vya kumsaga. Nyama haipapatiki, inaoza tu na mtego unaoza nayo. Na tafadhali msiuchokonoe kwa kidole kufurahisha wageni, inaniuma sana nikiona hivyo, maana kila mtego unafunga mara chache tu halafu unakufa.

Sebuleni mezani pia hapaufai, usogeze dirishani upate jua lenyewe masaa manne au zaidi. Halafu kila mwaka unataka miezi kama mitatu ya kulala kwenye baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo kama nyumba yako ina joto mwaka mzima mi ningekushauri utafute Drosera capensis, mmea mwingine unaokula wadudu, ile yenye majani ya utomvu unaonata, hiyo hailazimiki kulala na ni mvumilivu kweli.

Mitego iliyokwisha kuwa myeusi ikate. Ila usiutupe mmea, angalia pale katikati majani yanapochipukia, kama bado pagumu na pa kijani upe wiki kadhaa utatoa mengine.