Watoto wa marehemu dada yako: walete wote wawili

Pole kwa msiba, dada yangu. Umeuliza kama wewe na mumeo hapo Ngamiani, Tanga, mnaweza kuwaasili watoto wa marehemu dada yako walioko Mombasa, wa miaka 12 na 9, na kama ni vizuri muanze na mdogo.

Kuanza na mdogo, hapana. Nami niliwachukua wawili wa dada yangu. Asubuhi mkubwa alikuwa anamega andazi, anampa mdogo wake kipande kikubwa, ndipo naye anakula. Nikamwambia, "Hiyo kazi niachie mimi." Alininunia wiki nzima! Mwache amlee mwenzake, polepole atakuachia mwenyewe.

Kuhusu sheria, Kenya ilisimamisha watoto wake kuasiliwa na wageni mwaka 2014. Undugu wenu unaweza kuwafungulia njia nyingine, kama ulezi wa kisheria, lakini mwenye kuamua yuko upande wa Kenya. Muoneni afisa wa watoto Mombasa na wa ustawi wa jamii hapa Tanga, mkiwa na vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kifo na kauli ya upande wa baba. Msiwavushe mpaka wa Horohoro kama wanakuja likizo kisha mkanyamaza.

Jina la baba yao libaki. Kwa sisi Waislamu hilo halina mjadala.

Halafu shule. Kiswahili wanacho, ila hesabu na sayansi wamezoea kwa Kiingereza. Huyo wa miaka 12 mtafutie mwalimu wa jioni mapema.