Vijiko vitatu vya pilipili kichaa kwa wakwe? Usithubutu

Dada yangu, hicho kijiko kiweke chini kwanza. Umeandika kwamba Jumapili utawapikia wakwe zako hapo Lindi kuku wa kukaanga kwa pilipili wa mtindo wa Kikorea, kwamba maelekezo uliyonayo yanataka vijiko vitatu vya chakula vya gochugaru, yaani pilipili ya Kikorea iliyokaushwa na kusagwa, na kwamba kwa kuwa hukuipata sokoni umekwisha kusaga pilipili kichaa ili uitie kwa kipimo kilekile. Umeuliza pia kuhusu aina ya kuku, chakula cha kuandamana naye, na kama unaweza kupika tangu Jumamosi. Hayo yote hayatakuwa na maana iwapo vijiko hivyo vitatu vitaingia kwenye karai.

Gochugaru si kali kama rangi yake inavyotisha. Kwa kipimo cha Scoville, alichokibuni mfamasia wa Kimarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili hiyo kwa kawaida huwa kati ya 1,500 na 10,000, ilhali pilipili kichaa huanzia takriban 50,000 na huweza kufika 100,000. Wakorea hutia vijiko vitatu kwa sababu wanatafuta wekundu, uzito wa rojo na utamu wa pilipili iliyoivia mtini, na ukali wenyewe ni sehemu moja tu ya hesabu. Ukijaza vijiko hivyo kwa pilipili kichaa, wekundu hutaupata, uzito hutaupata, na ukali utaupata mara kumi ya ule aliokusudia mwenye mapishi.

Mimi nilidanganywa na mpishi mmoja wa kwenye video, kijana mwenye aproni safi na tabasamu pana, aliyesema kwa kujiamini kabisa kwamba asiye na pilipili ya Kikorea atumie yoyote aliyonayo, kwani pilipili ni pilipili. Ningependa kumwona akiisema kauli hiyo mbele ya akina mama wauza pilipili wa soko la Mtwara, ambao hata mteja hajafungua mkoba humuuliza kama anataka ya kunukia au ya kuwasha. Wakorea wenyewe huandika kwenye vyombo vya gochujang, ile pilipili yao nzito iliyochachushwa kwa soya na mchele, daraja la ukali, na madaraja hayo ni matano. Nchi nzima imeona haja ya kutofautisha ukali wa bidhaa ya aina moja, halafu mtu mwenye simu na taa ya mezani anatuambia kwamba pilipili ni pilipili!

Nilimwamini, tena siku niliyowaalika Mikindani ndugu wa upande wa mke wangu, pamoja na mama mkwe aliyesafiri kutoka Masasi. Nilichanganya pilipili kichaa na sosi ya soya, vitunguu saumu, tangawizi na sukari, nikawaloweka humo kuku wawili waliokatwakatwa, kisha nikawamimina kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto sana juu ya jiko la mkaa. Moshi uliopanda hapo haukuwa moshi wa chakula. Watoto walitoka mbio hadi barabarani, mke wangu alifungua madirisha yote huku amejifunga khanga puani, na jirani aliuliza kwa upole kama tumeanza kupuliza dawa ya mbu. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwa kweli sikumbuki kuona mbu nyumbani kwangu wiki ile.

Lililoniumiza zaidi ni mezani. Mama mkwe, ambaye kwa adabu yake asingeweza kutema chakula cha mkwe, alitafuna polepole, akameza, akaomba maji, na maji hayakumsaidia hata kidogo, kwa kuwa kapsaisini, kitu kinachoifanya pilipili iwashe, haiyeyuki vizuri kwenye maji bali huyeyuka kwenye mafuta. Mtindi ungemsaidia, lakini sikuwa nao. Nilirudi jikoni kuokoa jahazi: nikaongeza sukari, nikaongeza nyanya, hatimaye nikakuna nazi nikatia tui zito, na nikapata mchuzi wa nazi wenye rangi ya matofali ambao haukuwa wa Kikorea wala wa kwetu. Ukali ulipungua kiasi, lakini nyama ilikuwa imekwisha kuunywa. Kuku wawili, mafuta na chupa ya sosi ya soya viliishia hapo, na wageni walikula wali kwa maharage yaliyobaki ya jana yake. Shemeji yangu mpaka leo akija hugonga mlango na kuuliza nani anapika.

Kwa hiyo nisikilize katika jambo hili moja: rojo lionjwe kabla halijamgusa kuku. Likishaguswa na kuku mbichi huwezi tena kulionja kwa usalama, na akishaiva umekwisha kuchelewa. Changanya rojo lako peke yake kwenye bakuli, weka tone lake juu ya kijiko cha wali wa uvuguvugu, kwa sababu wewe na wakwe zako mtalila pamoja na wali, kisha mpe pia mtu mwingine nyumbani asiyependa pilipili na umtazame uso. Wekundu na ukali uvipime mbalimbali. Vile vijiko vitatu vijaze kwa paprika, au kwa pilipili ndefu nyekundu zisizo kali, zilizotolewa utando mweupe wa ndani, kwa kuwa kapsaisini nyingi hukaa kwenye utando huo kuliko kwenye mbegu, kisha zikakaushwa na kusagwa. Ongeza kijiko kimoja cha nyanya ya kopo ili rojo liwe zito, pamoja na sosi ya soya, sukari au asali, vitunguu saumu na tangawizi. Pilipili kichaa itie mwishoni kabisa, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, na uonje tena kabla ya kufikiria ncha ya pili. Unapoishika usiguse macho, wala usimshike mtoto kabla ya kupaka mikono mafuta ya kula na kuiosha kwa sabuni.

Kuku awe wa kisasa, mapaja yaliyotolewa mifupa na kukatwa vipande vidogo, kwani wa kienyeji hataiva kwa mapishi ya haraka. Mkaange kwanza bila rojo mpaka maji yake yakauke na aanze kubadilika rangi, tia kabichi na viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba, kama wafanyavyo watu wa Chuncheon, mji wa Korea Kusini, kwenye dakgalbi yao, yaani kuku wa kukaanga kwa pilipili, kisha vikilainika punguza moto ndipo umimine rojo, maana lina sukari na huungua upesi likawa chungu. Ufuta usikuhangaishe, nyinyi wa Lindi mnaulima: ukaange kidogo bila mafuta na uunyunyize juu ukishaepua.

Lakini rojo ulionje kwanza. Unga wa pilipili kichaa uliokwisha kuusaga usiutupe, utie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana na uuweke mbali na watoto, utakutosha kwa kachumbari ya miezi mingi. Na Jumapili weka kidogo kwenye kibakuli mezani, ili baba mkwe akitaka kuwasha zaidi ajitilie mwenyewe.