WhatsApp ni mwisho wa safari tu

Umeuliza kwa nini Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, pale Dagoretti Corner, Nairobi, inahitaji mitambo mipya wakati utabiri unatufikia kwa WhatsApp. Ndugu, huo utabiri umetoka mbali. Nairobi ni kitovu cha kanda katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Vipimo vya nchi jirani hupitia hapa. Mfumo wa zamani wa kusafirisha vipimo hivyo, GTS, husukuma ujumbe wa tarakimu kituo hadi kituo kwa njia zilizopangwa mapema. Mfumo mpya, WIS2, hutumia intaneti ya kawaida: kituo kinatangaza kipimo kiko tayari, aliyejisajili anakichukua papo hapo. Ila redio ya jamii inayotangaza utabiri, kama ile ya Kangema, Murang'a, isiguswe. Mkulima wa mlimani, penye maporomoko, hasubiri bando!