Barua kwa mwanangu: tamthilia za kuangalia mpaka mwisho

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wewe na mwenzio mmechoka kuanza tamthilia ambazo msimu wa kwanza ni moto, wa tatu zinayumba, na wa tano mnaangalia kwa kujilazimisha. Mnataka chache za kukaa nazo jioni watoto wakishalala, kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Zipo. Lakini kwanza jua kwa nini nyingi huharibika, maana ukilijua hilo utaweza kujichagulia mwenyewe.

Tamthilia nyingi za Marekani huanza bila mwisho uliopangwa. Kituo kinaendelea kuagiza misimu maadamu watazamaji wapo, na waandishi wanabaki kurefusha hadithi iliyokwisha. Chukua Prison Break: msimu wa kwanza, sehemu 22, umejengwa juu ya jambo moja tu, kutoroka gerezani. Wakishatoka, kilichowafanya watu wakae roho juu kimekwisha, ikabidi watafutiwe njama mpya na hata gereza jingine huko Panama. Game of Thrones iliumia kwa njia nyingine: ilivipita vitabu ilikotoka, kisha misimu miwili ya mwisho ikawa na sehemu 7 na 6 badala ya 10, na mambo yaliyohitaji muda yakakimbizwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza chochote ulizeni mawili: imeshakwisha? Na aliyeianzisha ndiye aliyeimaliza? Nitakazokutajia zote jibu ni ndiyo.

Anzeni na Chernobyl ya mwaka 2019. Ni sehemu 5 tu, mnaimaliza ndani ya wiki moja bila kukesha. Inahusu mlipuko wa mtambo wa nyuklia wa tarehe 26 Aprili 1986 na uongo uliofuata. Profesa Legasov, mwanasayansi anayeongoza kisa, alikuwa mtu wa kweli. Yule mwanasayansi mwanamke, Khomyuk, amebuniwa ili asimame badala ya wataalamu wengi waliomsaidia. Sehemu ya mwisho msiiangalie mkiwa na usingizi: Legasov anasimama mahakamani na vibao vyekundu na vya bluu, anaeleza hatua kwa hatua mtambo ulivyofika kulipuka, na hata asiyewahi kusoma fizikia anaelewa.

Baada ya hapo Breaking Bad, ya Vince Gilligan: misimu 5, sehemu 62, kuanzia 2008 hadi 2013. Walter, mwalimu wa kemia mwenye saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya. Msimu wa kwanza una sehemu 7 tu kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kipindi kile, kwa hiyo msishangae ukikatika ghafla. Unganisheni moja kwa moja na wa pili. Ubora wake ni huu: hakuna jambo linalotokea bila gharama yake kuja baadaye. Yule dubu wa kuchezea anayeelea kwenye bwawa la kuogelea mwanzoni mwa msimu wa pili, mshikeni akilini, maelezo yake yanakuja msimu unapokwisha. Katika msimu wa tatu kuna sehemu nzima ya watu wawili wakihangaika na nzi ndani ya maabara. Wengi hutamani kuiruka. Msiiruke, humo mna maneno ambayo Walter anakaribia kuyasema na hayasemi.

Sasa The Wire, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu kwangu ndiyo bora kuliko zote na ndiyo ambayo mtu huiacha njiani kwa urahisi zaidi. Kituo cha televisheni cha HBO kiliionyesha kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008: misimu 5, sehemu 60, juu ya polisi na wauza unga wa mji wa Baltimore, Marekani. David Simon alikuwa ripota wa habari za polisi katika gazeti la mji huo, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa kesi za mauaji, kisha akawa mwalimu wa shule. Wanaandika wanachokijua.

Inakwenda taratibu kwa kuwa inafuata kazi jinsi inavyofanyika. Wauza unga hawaongei biashara ovyo. Wanatumia peja, vile vidude vya mfukoni vya kupokea namba ya kupigia, na simu za kulipia za mtaani. Wapelelezi hawawezi kutega simu hizo bila kibali cha jaji, na jaji hatoi mpaka aonyeshwe kwamba njia nyingine zimeshindikana. Kibali kikipatikana, bado lazima kuwe na askari juu ya paa anayemwona kwa macho yule aliyeshika simu, vinginevyo hawaruhusiwi kusikiliza. Kisha namba zinazoingia kwenye peja hazipigiki, zimefichwa. Anayezifumbua ni askari aliyefungiwa ofisini baada ya kuharibu mambo mtaani. Anatazama vitufe vya simu na kuona kwamba kila tarakimu inairuka 5 iliyo katikati: 1 inakuwa 9, 2 inakuwa 8, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 6, halafu 5 na 0 zinabadilishana. Ni fumbo ambalo kijana wa kijiweni analitumia bila kupiga hesabu yoyote, na ndiyo maana lilichaguliwa. Haya yanapita upesi, bila muziki wa kukuambia kwamba sasa ni muhimu. Muziki humo, isipokuwa mara chache sana, unatoka redioni au kwenye gari la mtu. Ukiwa unachezea simu, yamekupita.

Kwa hiyo wekeni maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwani lugha ya mtaani ya Baltimore ni ngumu hata kwa aliyesoma Kiingereza miaka mingi. Chukueni karatasi, upande mmoja polisi (McNulty, Bunk, Kima, Daniels, Lester), upande wa pili mtaa (Avon, Stringer, D'Angelo, Bodie, Wallace, Omar). Huyo Stringer ni Idris Elba, Mwingereza wa London, na usingemdhania. Msitafute jina la mhusika yeyote kwenye intaneti, maana mstari wa kwanza tu unaweza kukuambia nani atakufa. Na msiamue kuiacha kabla ya sehemu ya nne.

Msimu wa pili ndipo penye mtego. Mnafungua mnakuta sura ngeni, makuli wa bandarini, na wale wa kijiweni wamesogezwa pembeni. Mtu anadhani kakosea faili. Vumilieni: makontena, siku za kazi zinazopungua, chama cha wafanyakazi kinachotafuta fedha kwa mlango wa nyuma, mtu yeyote wa Mombasa au Dar es Salaam atayaelewa haraka. Msimu wa tatu unarudi mtaani na kuingia kwenye siasa za mji. Wa nne unawafuata wavulana wanne wa shule, Michael, Namond, Randy na Dukie, na sijui tamthilia nyingine iliyoonyesha vizuri hivyo jinsi mtoto anavyopotea huku watu wazima wote wakiwa wanamwona. Wa tano, wa gazeti, una sehemu 10 na una kisa kimoja kigumu kuamini, lakini dakika zake za mwisho zinafunga kila kilichofunguliwa.

Hesabu ya bando: saa moja ya picha ya kawaida inakula takriban GB 1, ya HD inaweza kufika GB 3. The Wire peke yake ni kama saa 60, kwa hiyo pakueni mnapokuwa kwenye Wi-Fi. Ikiwa nakala yenu ni ya zamani, picha yake ni ya mraba mraba; ndivyo ilivyopigwa, msiivute ijaze kioo. Sehemu mbili kwa usiku zinatosha, mkizidisha majina yanachanganyika. Na watoto wawe wamelala kweli, kuna matusi, damu na utupu.

Mkitaka kitu chenu wawili, ipo The Americans, 2013 hadi 2018, sehemu 75: majasusi wawili wa Urusi ya Kisovieti waliopangiwa kuishi kama mke na mume karibu na Washington, na jirani yao ni mtu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Humo wanaongea Kirusi kingi na tafsiri lazima uisome chini ya picha, kwa hiyo haiangaliwi huku unapika. Better Call Saul, tamthilia iliyotokana na Breaking Bad, iacheni mpaka Breaking Bad iishe, kwa sababu vipande vyake vya rangi nyeusi na nyeupe vinaonyesha yaliyotokea baada ya Breaking Bad.

Mkifika mwisho wa msimu wa kwanza wa The Wire, nipigie. Nataka kusikia mwenzio anasemaje juu ya D'Angelo.

Baba yako