Mpwa Wangu Aliniomba Saini Tu

Juzi dada mmoja wa Dallas kaniandikia: "Kaka, mdogo wangu yuko chuo, ana viza ya mwanafunzi, na mtaa anaokaa si mzuri. Mimi nina grini kadi. Nikimnunulia bastola kuna ubaya?" Nikausoma ujumbe mara mbili, chai ikapoa mezani.

Upo ubaya, dada. Mimi swali hilo limenikosanisha na mtoto wa dada yangu.

Septemba 2021 Texas iliruhusu watu kubeba bastola bila kibali. Pale kinyozini kwetu Houston kila mtu akawa wakili: "Kibali kimekufa, kanunue!" Nikaingia dukani na pesa taslimu, kifua mbele. Muuzaji akaitazama leseni yangu ya udereva, akaniuliza nakaa wapi. Nikamtajia. Akairudisha kwa kidole kimoja juu ya kioo cha kaunta, maana anwani ilikuwa ya nyumba niliyohama. Nilitoka pale kama mwizi, na wateja wananiangalia. Bado inaniuma.

Kumbe jimbo lililegeza kubeba tu. Kununua dukani kunafuata sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, tangu 1968. Unajaza Fomu 4473, jina lako linapelekwa FBI, na sisi wageni tunaandika uraia na namba ya uhamiaji. Nikarekebisha leseni, nikarudi, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, nikapewa.

Baadaye mpwa wangu akaja na bahasha. "Mjomba, pesa ni yangu, wewe weka saini tu." Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ningejibu nini? Kuna polisi wa zamani wa Virginia, Abramski, alimnunulia mjomba wake bastola ya Glock kwa hundi ya huyo mjomba. Mjomba mwenyewe aliruhusiwa kumiliki silaha, na bado Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha hatia mwaka 2014. Tangu 2022 kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kunaweza kukupa miaka 15, na kwa asiye raia, baada ya gereza kuna ndege ya kurudi kwao. Wala usitafute huruma kwa muuzaji. Fomu zako anazitunza, wakaguzi wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, wanazifungua, na leseni ya duka ni ugali wa watoto wake.

Jamani, tumekuja huku na begi moja. Saini ndiyo mali yetu. Usiikodishe kwa ndugu, kwa rafiki, wala kwa mchumba. Hata zawadi haikuokoi kama anayepewa haruhusiwi.

Kwa mdogo wako, dada, njia ipo. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, ila akiwa na leseni hai ya uwindaji ya jimbo lolote, sheria ya shirikisho humruhusu kununua. Aende mwenyewe, na karatasi zake, na umri usiopungua miaka 21 kama ni bastola.

Mpwa wangu nilimwandikia hayohayo siku ileile niliyoikataa bahasha yake. Alama mbili za buluu zilitokea, jibu hakuna hadi leo.