Kabla ya Kukata Kioo cha Sinagogi

Nimefanya kazi ya vioo vya rangi kaskazini mwa London kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa vioo vya kawaida Mombasa, wa kukata kwa almasi na kubandika kwa puti. Kwa miaka mingi ya mwanzo nilikarabati madirisha ya makanisa peke yake, na sinagogi la kwanza liliponijia nilidhani ni kazi ileile yenye mapambo tofauti: utoe msalaba, uweke nyota, umemaliza. Makosa niliyoyafanya kwa sababu ya dhana hiyo yalinigharimu kioo kizuri na usingizi wa siku kadhaa, na ninayaeleza hapa kwa ajili ya fundi atakayeitwa kwenye kazi ya namna hii akiwa na dhana kama yangu.

Dirisha la kanisa mara nyingi husimulia kwa sura za watu, ilhali la sinagogi husimulia kwa maandishi, mimea, vyombo vya ibada na pengine wanyama, kwa kuwa katazo la sanamu lililo katika Kutoka 20 huchukuliwa kwa uzito. Hata hivyo, si kila jamaa ya Kiyahudi, yaani waumini wa sinagogi moja, huliweka katazo hilo mahali pamoja. Katika karne ya 12 Rabi Eliakim wa Mainz aliamuru picha za simba na nyoka ziondolewe kwenye madirisha ya sinagogi la Cologne. Marc Chagall, kwa upande wake, alijaza ndege, samaki na wanyama katika madirisha kumi na mawili ya sinagogi la hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, yaliyozinduliwa mwaka 1962, lakini hakuchora humo umbo hata moja la mtu. Kwa hiyo usiulize Wayahudi wanakubali nini. Uliza jamaa hii, na rabi wake, wanakubali nini. Mimi niliyekulia karibu na misikiti ya pwani, ambako maandishi na maua ndiyo pambo, sikupata tabu kulielewa jambo hili, ingawa wenzangu wa karakana walidhani wamenyang'anywa nusu ya ufundi wao.

Idadi ya madirisha nayo ina maana. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, hutaka mtu asali katika nyumba yenye madirisha, ikimrejelea Danieli aliyefungua yake kuelekea Yerusalemu, na Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Yosef Karo cha karne ya 16, kinaona vyema sinagogi liwe na madirisha kumi na mawili. Ukikuta jengo lina kumi na mawili, usipendekeze kuziba moja ili kupata ukuta wa kutundika kibao cha majina ya wafadhili. Mimi nilipendekeza, nikatazamwa kama mtu aliyevua nguo barazani.

Sehemu ngumu kuliko zote ni herufi. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na ni vyema mpango wa madirisha nao uende hivyo, ili siku za uumbaji, makabila au sikukuu zianzie kulia kwa mtazamaji. Kioo, tofauti na karatasi, kina pande mbili zinazoonekana. Rangi nyeusi ya kuchorea, ambayo ni unga wa kioo uliochanganywa na oksidi za chuma, mimi huipaka upande wa ndani na kuichoma tanurini kwa joto la digrii 650 hivi. Dawa ya fedha inayoleta rangi ya manjano hupakwa upande wa nje na huchomwa kwa joto la chini zaidi. Kipande kimoja basi hugeuzwa mezani mara kadhaa, na asiyejua Kiebrania hawezi kutambua kwa jicho kwamba neno limekaa kinyume. Tangu mwanzo ninaweka alama ya upande wa ndani kwenye ukingo wa kila kipande chenye maandishi, mahali ambapo risasi, yaani ukanda wa madini ya risasi unaounganisha vipande, itaifunika.

Alama hiyo haikuniokoa na kosa kubwa zaidi. Herufi daleti na reshi hufanana sana: daleti ina kona kali iliyochomoza kidogo nyuma, reshi imeviringa. Katika tamko la imani lililo katika Kumbukumbu la Torati 6:4, neno la mwisho ni ehadi, yaani mmoja, na linaishia kwa daleti. Ukiifanya reshi, neno linasomeka aheri, yaani mwingine, na sentensi inayotangaza kwamba Mungu ni mmoja inageuka kutangaza mungu mwingine. Ndiyo maana waandishi wa hati za Torati huiandika daleti hiyo kwa ukubwa kuliko herufi nyingine. Mimi, nilipokuwa nikikwangua rangi kabla ya kuchoma, niliigusa ile kona kwa kidole cha gumba, ikafutika kidogo, nami nikaona herufi imependeza zaidi ilivyoviringika. Mzee mmoja wa sinagogi alipokuja karakanani kuangalia kazi, alisimama mbele ya paneli kimya kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa najua nilichoandika. Kioo kilichokwisha kuchomwa hakifutiki. Nilikitoa kipande chote na kuanza upya. Jozi nyingine za kuogopa ni he na heti, na beti na kafu. Siku hizi sichomi herufi yoyote kabla rabi hajatia sahihi kwenye mchoro wa ukubwa halisi, yeye mwenyewe, wala si katibu wa kamati kwa niaba yake.

Pamoja na hayo, kubalianeni mapema kuhusu Jina la Mungu la herufi nne. Jamaa nyingi hazitaki liandikwe kamili mahali linapoweza kuvunjika, kwa sababu kilichoandikwa Jina hilo hakiruhusiwi kufutwa wala kutupwa. Huhifadhiwa na hatimaye huzikwa. Karakana ya vioo huzalisha mabaki mengi ya majaribio. Niombe radhi kwa kusema hivi, lakini fundi asiyejua atayatia kwenye pipa la taka pamoja na vikombe vya chai.

Nyota ya pembe sita huonekana rahisi hadi uishike almasi. Kioo hakikubali kukatwa kona inayoingia ndani kwa ukali. Kitapasuka papo hapo au baada ya baridi moja. Igawe katika pembetatu sita na kipande cha kati cha pande sita, nawe panga mistari ya risasi kuanzia hapo.

Mistari hiyo ndiyo iliyoniletea aibu ya pili. Dirisha lilikuwa na urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 90, lenye mti wa uzima ambao shina lake lilinyooka katikati. Paneli kubwa za risasi hujipinda kwa uzito na upepo, kwa hiyo huungwa mkono na nondo za kulala zilizofungwa kwa waya wa shaba. Nilizipanga nondo kwa hesabu ya uzito tu, na ile nene kuliko zote ikapita juu ya shina, theluthi moja kutoka juu. Mchana hakuna aliyeiona. Jioni, jua liliposhuka na rangi kufifia, kilichobaki mbele ya waumini kilikuwa msalaba mweusi wenye urefu wa dirisha zima. Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tulizitoa nondo, tukazipinda zifuate matawi, na shina likavunjwa kwa majani. Tangu hapo kila mchoro ninautazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, bila rangi, nione giza la risasi na vyuma linachora nini peke yake.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba waumini wanasoma. Katika sala ya Kiyahudi kitabu kiko mkononi karibu muda wote, na katika jamaa zinazoshika sheria kwa ukamilifu taa haziwashwi wala hazizimwi siku ya Sabato, kwa hiyo mwanga wa dirisha si pambo tu. Madoa mekundu na ya buluu yakitua juu ya ukurasa, wazee wanashindwa kusoma. Ninaweka vioo vyepesi sehemu ya chini na rangi nzito juu. Vilevile, sanduku la Torati, yaani kabati la kutunzia hati zake, hukaa upande wa Yerusalemu, kibla yao kama tungesema pwani, na kutoka London upande huo ni wa jua la asubuhi. Manjano ya kupauka kando ya sanduku itawachoma macho wote waliolielekea. Msomaji aliye Afrika Mashariki anayetaka kuona kwa macho yake jinsi vioo vya namna hii vinavyofanya kazi ukutani anaweza kwenda kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Kigali, ambako kuna madirisha ya Ardyn Halter, msanii ambaye baba yake alinusurika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi.

Ufungaji wenyewe hautofautiani sana na kwingine. Chukua kiolezo cha kila uwazi, maana kuta hazina pembe mraba hata mchoro wa msanifu useme hivyo, na acha milimita tatu kila upande. Masinagogi mengi huomba kioo kigumu cha tabaka kwa nje kwa ajili ya usalama. Acha nafasi na matundu ya hewa kati yake na vioo vya rangi, la sivyo unyevu utakaa humo na kula rangi. Ratiba ndiyo inayowaangusha wengi. Ijumaa alasiri kazi husimama, na wakati wa baridi hapa jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo usifungue ukuta siku hiyo. Kamati itataka kazi iishe kabla ya mwaka mpya wao, unaoangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba na kufuatwa na sikukuu mfululizo ambazo hutaruhusiwa kupigilia hata msumari. Mimi husema Julai na kuandika hivyo kwenye mkataba.

Ukiondoka, waachie michoro ya ukubwa halisi na kipande cha akiba cha kila rangi, kimefungwa kwa karatasi na kuandikwa namba ya bamba kilikotoka. Katika sinagogi moja nililoliachia akiba kama hiyo, jiwe lilirushwa usiku miaka miwili baadaye, na fundi mwingine kabisa aliirudisha paneli ile ndani ya wiki mbili.