Jibu: Kushuka bonde la Samaria, kisiwa cha Krete, Ugiriki, ukiwa na gari la kukodi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuliacha gari Omalos, ushuke Samaria na raba za kawaida. Gari liache mjini Chania. Njia ni ya kwenda tu: unaanzia Xyloskalo, huko Omalos, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuishia Agia Roumeli ufukweni, kijiji kisicho na barabara ya gari. Kutoka hapo ni boti hadi Sougia au Chora Sfakion, kisha basi la Chania. Kwa hiyo asubuhi panda basi la kwanza la Omalos, na saa ya boti ya mwisho ijue kabla hujaanza kushuka.

Jumla ni kilomita 16 hivi, mwendo wa saa 5 hadi 7. Wengi huogopa urefu, kumbe kinachowamaliza ni kilomita 3 za mwanzo: mteremko mkali wa ngazi na mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza. Ukikimbia hapo, magoti yatakudai mchana. Raba za soli laini hazifai hapo. Vaa viatu vyenye soli ngumu, na kucha za vidole zikate, maana zitagonga mbele safari nzima.

Chupa ya lita 1 inatosha, chemchemi zipo njiani. Tiketi usiitupe, wanaikagua kwenye geti la kutokea. Bonde hufunguliwa Mei hadi Oktoba, ila mvua ikitisha wanafunga siku hiyohiyo.